Tonsili na Adenoidi: Mzazi Aamue Vipi Kuhusu Upasuaji wa Mtoto?

Mtoto anayeumwa koo mara kwa mara au anayekoroma kila usiku huwatia wazazi wasiwasi. Somo hili linaeleza ni wakati gani upasuaji humfaa mtoto, ni wakati gani kusubiri ni bora, na ni kumbukumbu zipi mzazi anapaswa kubeba anapokwenda kumwona daktari.

Katika Wadi ya Ndanai/Abosi, Kaunti Ndogo ya Sotik, miezi ya mvua na baridi huja na mafua, kikohozi na maumivu ya koo kwa watoto wadogo. Mzazi humpeleka mtoto zahanati, wiki chache baadaye hununua dawa katika duka la sokoni, kisha humrudisha hospitalini homa inapozidi. Baada ya mwaka wa safari hizo, mtu fulani humwambia, "Mtoto huyu ana tonsili, apelekwe akakatwe." Wapo wazazi wanaokimbilia upasuaji kwa neno hilo moja. Wengine huogopa kisu, na mtoto hukaa miaka akihangaika kupumua usiku.

Njia zote mbili zina hasara. Upasuaji usiohitajika humweka mtoto katika hatari ya bure na kuila akiba ya nyumba. Upasuaji unaohitajika ukicheleweshwa, mtoto hukosa usingizi, hukua polepole na husinzia darasani. Uamuzi mzuri hutegemea mambo mawili ambayo mzazi mwenyewe anaweza kuyafuatilia: idadi ya maambukizi ya kweli ya koo, na jinsi mtoto anavyopumua akiwa amelala.

Tonsili na adenoidi ni nini?

Tonsili, ambazo wengine huziita mafindofindo, ni vinundu viwili vya nyama vilivyo nyuma ya kinywa, kimoja kila upande wa koo. Huonekana mtoto akifungua kinywa mbele ya mwanga. Adenoidi ni nyama ya aina hiyohiyo, lakini iko juu zaidi, nyuma ya pua, mahali ambapo macho hayafiki. Daktari huiona kwa picha ya eksirei inayopigwa kwa upande au kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani.

Nyama hizi ni sehemu ya kinga ya mwili. Hukutana na vijidudu vinavyoingia kwa hewa na chakula, na kuufundisha mwili kupambana navyo. Ndiyo sababu huvimba mtoto anapougua. Kwa kawaida huwa kubwa zaidi kati ya umri wa miaka 3 na 7 hivi, kisha huanza kunywea zenyewe. Mtoto anapofikia ujana, adenoidi huwa karibu imekwisha kabisa. Kwa sababu hiyo, baadhi ya matatizo ya umri wa miaka 4 hupungua mtoto anapofika miaka 8 bila kuguswa na kisu.

Ukubwa pekee si ugonjwa

Tonsili kubwa zisizomsumbua mtoto hazihitaji kutolewa. Dunia ilijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1934, chama cha afya ya watoto nchini Marekani kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 1,000 wa umri wa miaka 11 jijini New York. Watoto 611 walikuwa tayari wametolewa tonsili. Wale 389 waliobaki walipelekwa kwa madaktari, na 174 kati yao wakaambiwa wanahitaji upasuaji. Watoto 215 walioonekana wazima walipelekwa kwa madaktari wengine, na 99 wakaambiwa watolewe tonsili. Waliobaki 116 walipimwa mara ya tatu, na 51 wakapendekezewa upasuaji. Mwishowe walibaki watoto 65 pekee ambao hakuna daktari aliyetaka kuwapasua.

Kila awamu, karibu nusu ya watoto waliokwisha kutajwa kuwa wazima walionekana wagonjwa mbele ya daktari mwingine. Madaktari wale hawakuwa na kipimo cha pamoja. Walitazama koo na kukisia. Tangu hapo wataalamu wameweka vigezo vinavyohesabika, na vigezo hivyo ndivyo vinavyotumika leo.

Kigezo cha kwanza: idadi ya maambukizi

Kwa mtoto anayeugua koo mara kwa mara, upasuaji hufikiriwa iwapo amepata maambukizi ya kweli ya koo kwa kiwango hiki au zaidi:

• mara 7 katika mwaka 1 uliopita, au
• mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au
• mara 3 kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo.

Vigezo hivi vilitokana na utafiti ulioongozwa na Dkt. Jack Paradise huko Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1984. Neno "ya kweli" lina uzito wake. Si kila maumivu ya koo yanayohesabiwa. Pamoja na maumivu ya koo, mtoto awe na angalau dalili moja kati ya hizi: homa inayozidi nyuzi 38.3, tezi za shingo zilizovimba na kuuma, utando mweupe au usaha juu ya tonsili, au kipimo cha koo kinachoonyesha bakteria aina ya streptokoka. Kila tukio liwe limeandikwa na mhudumu wa afya.

Koo linalouma pamoja na makamasi, macho mekundu, kikohozi na sauti iliyokauka mara nyingi ni mafua yanayoletwa na virusi. Mafua hayo hayaponywi na antibiotiki, wala kutoa tonsili hakuyazuii. Mtoto mdogo aliyeanza PP1 anaweza kupata mafua mara nyingi kwa mwaka kwa sababu amekutana na watoto wengi kwa mara ya kwanza.

Utafiti huohuo ulionyesha jambo jingine. Watoto waliopasuliwa waliumwa koo mara chache zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Hata hivyo, wengi wa wale ambao hawakupasuliwa nao walipata nafuu kadiri muda ulivyopita. Kwa hiyo, mtoto ambaye hajafikia idadi iliyotajwa kwa kawaida hufuatiliwa kwa mwaka mmoja kabla ya kuamua.

Kigezo cha pili: kupumua usingizini

Hii ndiyo sababu ambayo wazazi wengi hawaifahamu, ingawa inaweza kumwathiri mtoto kuliko maumivu ya koo. Tonsili na adenoidi zikiwa kubwa kupita nafasi iliyopo, huziba njia ya hewa mtoto anapolala na misuli ya koo kulegea. Mtoto hukoroma, kisha hunyamaza kwa sekunde kadhaa kama aliyekata pumzi, halafu hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Hali hii ikirudiwa usiku kucha, usingizi wake haumpumzishi.

Dalili za kuangalia usiku ni kukoroma siku tatu au zaidi kwa wiki hata asipokuwa na mafua, kukatika kwa pumzi, kulala akiwa amenyoosha shingo au ameketi, kutokwa na jasho jingi, na kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha. Mchana, mtoto hupumua kwa kinywa, huamka na maumivu ya kichwa, husinzia, au kinyume chake huwa mkorofi asiyetulia. Wengine hawaongezi uzito inavyotakiwa.

Katika familia nyingi, mzazi hutoka alfajiri kwenda kuchuma majani chai au kukamua ng'ombe, na usiku mtoto hulala chumba kimoja na nyanya yake. Mara nyingi kogo ndiye anayesikia pumzi ikikatika. Asiachwe nje ya mazungumzo kabla ya safari ya hospitali, kwa maana ushahidi wake unaweza kuwa na uzito kuliko wa mtu mwingine yeyote nyumbani.

Je, upasuaji huwasaidia watoto hawa? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 464 wa umri wa miaka 5 hadi 9 nchini Marekani waliokuwa na tatizo hili. Nusu walipasuliwa mapema na nusu wakafuatiliwa bila upasuaji. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerudi katika hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Usingizi, tabia na maisha ya kila siku ya waliopasuliwa viliimarika zaidi, ingawa alama za majaribio ya umakini hazikutofautiana sana. Mzazi ajifunze mambo mawili hapa. Upasuaji husaidia watoto wengi wenye tatizo hili, na pia mtoto ambaye hali yake si kali anaweza kusubiri kwa muda chini ya uangalizi.

Kipimo cha usingizi cha usiku mzima hufanyika katika hospitali chache nchini. Mtoto mwenye afya njema, aliyezidi miaka 2 na mwenye dalili zilizo wazi, daktari anaweza kuamua bila kipimo hicho. Watoto walio chini ya miaka 2, wenye unene uliopita kiasi, wenye hali ya Down au wenye selimundu huhitaji uchunguzi wa kina zaidi kabla ya kupasuliwa.

Masikio na pua

Adenoidi kubwa inaweza pia kuziba mrija unaounganisha pua na sikio. Maji mazito hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto husikia kwa shida. Mwalimu hudhani ni mkaidi. Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe, kwa hiyo madaktari husubiri takriban miezi 3 kabla ya kupendekeza matibabu ya upasuaji, isipokuwa kama usikivu au usemi wa mtoto umeathirika sana.

Pua iliyoziba muda wote inaweza kutokana na mzio badala ya adenoidi. Dawa ya kupuliza puani iliyoandikwa na daktari na maji ya chumvi ya kusafisha pua huwasaidia watoto wengi. Moshi wa kuni na wa sigara huzidisha tatizo. Kumwondoa mtoto jikoni wakati wa kupika na kuacha kuvuta sigara ndani ya nyumba ni tiba isiyohitaji pesa.

Mifano miwili ya kujifunzia

Mfano wa kwanza ni mtoto wa miaka 4. Mamake anasema anaumwa koo kila mwezi. Kijitabu cha kliniki kinapofunguliwa, kina ziara 9 katika mwaka mmoja. Ziara 5 zilikuwa za mafua na kikohozi, 1 ya kuhara, na 3 za maambukizi ya kweli ya koo yaliyoambatana na homa na usaha. Usiku analala vizuri. Mtoto huyu hajafikia kigezo. Anahitaji kutibiwa vyema kila anapougua, kuondolewa kwenye moshi na kufuatiliwa.

Mfano wa pili ni mtoto wa miaka 5 aliye PP2. Ameumwa koo mara 2 pekee mwaka mzima, na hakuna aliyewahi kutaja tonsili nyumbani kwao. Lakini hukoroma kila usiku, pumzi hukatika, hukojoa kitandani na husinzia darasani. Huyu ndiye anayestahili kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo haraka, ingawa majirani watashangaa kwa sababu "haugui."

Daftari na simu: silaha za mzazi

Daktari bingwa humwona mtoto kwa dakika chache, na kwa kawaida humwona mchana akiwa macho na koo halijawaka. Historia ya mwaka mzima iko kwa mzazi. Tatizo ni kwamba historia hiyo imetawanyika: karatasi moja ya zahanati, nyingine ya Hospitali ya Ndanai, na dawa zilizonunuliwa dukani bila kuandikwa popote.

Mzazi anashauriwa kuwa na daftari dogo, au kutumia kurasa za nyuma za kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kila mtoto anapougua koo, ayaandike haya:

• tarehe, na siku ambazo ugonjwa ulidumu;
• kiwango cha homa kama kilipimwa;
• kama kulikuwa na usaha kooni, tezi za shingo, makamasi au kikohozi;
• mahali alipotibiwa na jina la dawa aliyopewa;
• siku ambazo mtoto hakwenda shule.

Kwa mtoto anayekoroma, simu ya mkononi inatosha. Mtoto akiwa amelala fofofo, kifua kikiwa wazi, arekodiwe video ya dakika 2 au 3 yenye sauti, na irudiwe usiku mwingine. Video hiyo itamweleza daktari kile ambacho maneno hayawezi. Asiye na simu ya aina hiyo anaweza kumwomba mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake amsaidie, na pia amwelekeze jinsi ya kupata barua ya rufaa.

Koo lisilotibiwa na moyo wa mtoto

Kusubiri upasuaji si sawa na kuacha koo bila tiba. Maambukizi ya streptokoka yasiyotibiwa ipasavyo yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwaka 2018, Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi kuupa ugonjwa huu kipaumbele. Wakazi wa Bomet hawana haja ya kutafuta mfano mbali: Hospitali ya Tenwek inajulikana kwa upasuaji wa moyo, na miongoni mwa wagonjwa wanaofika huko ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na ugonjwa huu.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba yake. Mhudumu wa afya akiona kuwa koo lina bakteria, humpa mtoto sindano moja ya penisilini ya muda mrefu au dawa ya kunywa kwa siku 10. Kosa la kawaida ni kuacha dawa siku ya tatu maumivu yanapoisha. Siku zote zimalizwe. Kutoa tonsili hakutumiki kama njia ya kuzuia ugonjwa wa moyo. Kulitibu koo kwa wakati ndiko kunakozuia.

Kukata kimio si tiba

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kumekuwa na desturi ya kumkata mtoto kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, anapokohoa au anapokataa kunyonya. Waliofanya hivyo walikuwa wakitafuta namna ya kumwokoa mtoto wakati ambapo hospitali hazikuwapo. Leo inajulikana kwamba kimio si chanzo cha kikohozi wala cha maumivu ya koo, na kukikata hakugusi tonsili wala adenoidi. Kwa upande mwingine, hatari zake ni kubwa: kuvuja damu, pepopunda, sumu kuingia kwenye damu, na kuambukizwa virusi kupitia chombo kilichotumika kwa mtu mwingine. Mtoto aliyekatwa na anayevuja damu apelekwe hospitalini mara moja, na mzazi aseme ukweli bila kuogopa kukaripiwa, ili atibiwe ipasavyo.

Hatari za upasuaji wa hospitali

Upasuaji wa tonsili na adenoidi hufanywa kupitia kinywani mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa kawaida hauzidi saa moja. Hakuna kovu nje. Watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Walio chini ya miaka 3 na wenye tatizo kali la kupumua hulazwa usiku huo ili waangaliwe.

Hatari kubwa ni kuvuja damu. Damu inaweza kutoka katika saa 24 za kwanza, au kati ya siku ya 5 na ya 10, utando wa kidonda unapobanduka. Kwa makadirio ya jumla, kati ya watoto 100 wanaotolewa tonsili, 2 hadi 5 huvuja damu baadaye, na baadhi yao hurudishwa chumba cha upasuaji. Kutoa adenoidi pekee kuna hatari ndogo zaidi na maumivu machache.

Kuhusu kinga ya mwili, mtoto hubaki na tezi nyingine nyingi zinazofanya kazi hiyo. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha upasuaji huu na ongezeko la baadhi ya magonjwa ya njia ya hewa miaka ya baadaye, ingawa aina hiyo ya utafiti haiwezi kuthibitisha kuwa upasuaji ndio uliosababisha. Ni sababu nyingine ya kutompasua mtoto asiyehitaji, lakini haitoshi kumnyima upasuaji mtoto anayekosa pumzi.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Mtoto anapasuliwa kwa sababu ya maambukizi au ya kupumua? Amefikia kigezo kipi?
2. Je, zitatolewa tonsili, adenoidi, au zote mbili, na kwa nini?
3. Tukisubiri miezi 6, ni nini kinaweza kutokea?
4. Kuna dawa ya kujaribu kwanza?
5. Nani atampa mtoto dawa ya usingizi, na atalazwa siku ngapi?
6. Damu ikitoka usiku tukiwa nyumbani, tuende hospitali gani?

Swali la sita ni zito kwa familia ya Ndanai. Barabara za ndani huteleza mvua inaponyesha, na gari la usiku halipatikani kwa urahisi. Kabla ya tarehe ya upasuaji, familia ikubaliane na mwenye gari atakayeitwa saa yoyote kwa siku 14, au mtoto akae kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Likizo ya shule ni wakati mzuri kwa mtoto ambaye hali yake si ya dharura.

Gharama na Mamlaka ya Afya ya Jamii

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au kwa msaada wa wahudumu katika vituo vya afya. Mtoto aongezwe kwenye akaunti ya mzazi, na kwa hilo cheti chake cha kuzaliwa kinahitajika. Matibabu katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi kwa waliosajiliwa. Upasuaji hospitalini hutegemea mchango uliolipwa. Kwa wasio na mshahara, mchango hukadiriwa kwa mapato ya nyumba, usiwe chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima.

Hospitali huomba idhini ya SHA kabla ya upasuaji uliopangwa. Mzazi aulize mapema kama idhini imetoka, ni kiasi gani kitalipwa na SHA, na kiasi gani atatoa mfukoni. Familia nyingi hupanga matumizi makubwa kwa kungoja bonasi ya majani chai. Hilo linawezekana kwa mtoto anayesubiri kwa usalama. Kwa mtoto ambaye pumzi yake hukatika kila usiku, rufaa itafutwe sasa, na suala la pesa lijadiliwe na afisa wa jamii wa hospitali.

Kabla na baada ya upasuaji

Kabla ya upasuaji, daktari aelezwe kama kuna mtu katika ukoo anayevuja damu kupita kiasi, kama mtoto ana selimundu, pumu au jino linalolegea, na kama anatumia dawa yoyote, ikiwemo ya mitishamba. Akipata mafua au homa katika wiki mbili kabla ya tarehe, hospitali ijulishwe. Maagizo ya kutokula wala kunywa yafuatwe kikamilifu, kwa sababu tumbo lenye chakula ni hatari mtoto anapopewa dawa ya usingizi.

Baada ya upasuaji wa tonsili, maumivu hudumu siku 7 hadi 14, na huweza kuongezeka karibu na siku ya tano kabla ya kupungua. Masikio huuma pia. Utando mweupe kooni na harufu mbaya ya kinywa ni hali ya kawaida ya kidonda kinachopona.

Mtoto anywe mara nyingi, kidogo kidogo: maji, maziwa, uji au chai isiyo moto. Mursik na maji ya machungwa yanaweza kuchoma kidonda. Anaweza kula chakula chochote anachoweza kumeza, kutafuna kunasaidia. Dawa za maumivu zitolewe kwa saa zilizopangwa, hasa siku za mwanzo, bila kungoja alie. Parasetamoli na ibuprofeni hutumika sana, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Aspirini isitumike. Kodeini pia isitumike: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali dhidi yake kwa watoto waliotolewa tonsili au adenoidi, baada ya vifo vya watoto ambao miili yao huigeuza haraka kuwa mofini. Mtoto apumzike nyumbani wiki mbili, bila mbio wala mpira.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi

Kwa mtoto aliyepasuliwa: damu mbichi kinywani au puani, kutapika damu, kumeza mara kwa mara akiwa usingizini, kukataa kunywa kabisa, au kutokojoa kwa saa nyingi.

Kwa mtoto yeyote mwenye maumivu ya koo: kushindwa kumeza mate, kutoweza kufungua kinywa, sauti iliyoziba, kupumua kwa mlio, au shingo iliyovimba. Tonsili moja ikikua haraka kuliko nyingine ionwe na daktari bila kuchelewa, hata kama haiumi, kwa kuwa huenda ni ugonjwa mwingine.

Mzazi aanzie wapi?

Mwenye mtoto anayekoroma au anayeugua koo mara kwa mara aanzie zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Ndanai, akiwa na kumbukumbu zake. Tabibu atampima mtoto na, ikihitajika, kuandika rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto akiambiwa asubiri, mzazi aulize tarehe ya kurudi na aiandike. Kusubiri kusikokuwa na tarehe ni kupuuza. Dalili zikizidi kabla ya siku hiyo, arudi mapema, na daftari lake mkononi.